Roosevelt, kiti cha jikoni na buti ya Probox

Mwezi Aprili 1909 Mombasa ilipokea mgeni mzito. Theodore Roosevelt, ambaye mwezi mmoja tu nyuma alikuwa ametoka kwenye urais wa Marekani, aliteremka hapa kisiwani pamoja na mwanawe Kermit, akapanda gari moshi kwenda bara kuwinda. Katika mizunguko yake alielekea hadi nchi iliyokuwa ikiitwa Sotik, jina ambalo leo ni la mji katika kaunti ya Bomet, kwenye chai. Alikuwa mtu wa farasi na bunduki, na huku kwetu jina la Roosevelt likitajwa, wengi humkumbuka yeye.

Roosevelt ninayemtaka leo ni jamaa yake wa mbali, Franklin, aliyetawala nchi hiyohiyo kwa miaka 12 bila kuweza kusimama peke yake. Mahali pengine nitayapita maisha yake mbio, kwa sababu kinachonihusu hasa ni kiti alichokalia. Atakayetaka habari za vita vya dunia na benki zilizofungwa atazipata kwingine.

Alizaliwa 30 Januari 1882, Hyde Park, jimbo la New York, kwa watu wenye mali na mashamba, mtoto wa pekee wa mama yake. Alisoma Harvard, kisha sheria. Mwaka 1905 alimuoa Eleanor, binti wa nduguye Theodore, na Theodore mwenyewe, akiwa bado rais, ndiye aliyemtoa bibi harusi kwa kuwa baba mzazi alikwisha kufariki. Mwaka 1910 Franklin akachaguliwa seneta wa jimbo, 1913 akawa naibu wa waziri wa jeshi la majini, na 1920 chama chake kikamsimamisha kugombea umakamu wa rais, wakashindwa. Mpaka hapo ni kijana wa kitajiri anayepanda ngazi ambayo jamaa zake walikwisha kuipanda, mrefu, mwenye sura, mpenda gofu na mashua.

Agosti 1921 alikwenda mapumzikoni na familia katika kisiwa cha Campobello, upande wa Kanada. Aliogelea kwenye maji baridi, akarudi nyumbani anatetemeka, akalala mapema. Kesho yake mguu mmoja ulikuwa hauna nguvu, na baada ya siku mbili hakuweza kusimama. Alikuwa na miaka 39. Madaktari wa mwanzo hawakuutambua ugonjwa, na familia ikashauriwa imkande misuli, jambo lililomzidishia maumivu. Wiki mbili zikapita ndipo bingwa kutoka Boston, Robert Lovett, aliposema ni polio. Miaka ya karibuni wako madaktari waliotilia shaka, wakidhani huenda ulikuwa ugonjwa mwingine wa mishipa ya fahamu. Kwa miguu yake haikuwa na tofauti.

Sasa twende kwenye kiti. Viti vya magurudumu vya wakati ule vilikuwa vya mbao na henzerani, vyenye mgongo mrefu na mikono mipana, vimefanywa kwa ajili ya mgonjwa wa kusukumwa uani apate jua kisha arudishwe ndani. Mlango wa chumba cha kawaida viliuziba. Ndani ya gari ndiyo usiseme. Roosevelt alivikataa. Alichukua kiti cha mbao cha kawaida, cha aina ile ya jikoni, kisicho na mikono, akaagiza kifungwe juu ya fremu ya chuma yenye magurudumu. Kwisha. Kilikuwa chembamba, kimekaa karibu na mwili wake, kinapenya kwenye ushoroba na kukata kona za nyumba ambayo haikujengwa kwa ajili ya mtu kama yeye.

Kukosa mikono kulikuwa na maana yake. Mtu asiyetumia miguu huhama kutoka kiti hadi kiti kwa kujivuta pembeni kwa nguvu za mabega, na mkono wa kiti ndio unaomzuia. Roosevelt hakukusudia kushinda kwenye kile kiti cha magurudumu. Alikitumia kuvuka tu, kisha akajihamishia kwenye kiti cha kawaida nyuma ya meza, na mgeni akiingia anamkuta ameketi kama waziri mwingine yeyote.

Palikuwa na siri pia, na siwezi kuificha. Aliamini kwamba wapiga kura wasingemchagua mtu wanayemwona mlemavu, na kwa hiyo kiti kidogo kilimsaidia kujificha. Wapiga picha walizuiwa. Picha zake akiwa kwenye kiti zilizobaki ni za kuhesabika. Mbele ya watu alivaa vyuma kutoka nyongani hadi miguuni, akashika mkono wa mwanawe au mlinzi, akajikokota hatua chache hadi kwenye jukwaa huku anatabasamu na jasho linamtoka. Wako wanaomlaumu kwa hilo, nami nawaelewa. Lakini walimwengu wa 1928, alipogombea ugavana wa New York akashinda, hawakuwa wapole kuliko sisi, na sisi wenyewe tunajijua.

Nitoke kidogo Amerika niende Litein. Ndugu yangu mdogo ana duka la vifaa vya ujenzi huko, kwenye barabara inayotoka Kericho kwenda Kaplong, na mimi humtembelea kila nipatapo nafasi. Ni nchi ya baridi, mvua inanyesha mchana karibu kila siku, mtu wa Pwani analala na sweta na bado anatetemeka. Jirani yake ni mama mtu mzima, Mkipsigis, aliyechuma chai miaka mingi. Majirani humwita kogo, yaani nyanya, nami nimeiga. Sukari ilimharibu mguu ukakatwa chini ya goti. Baadaye wakaja wafadhili, pakawa na hema, hotuba na picha, naye akapewa kiti cha magurudumu.

Kiti chenyewe ni kizito, fremu imechomelewa pande zote, hakikunjiki. Na nyumba ya kogo iko chini ya barabara nyekundu ya changarawe inayoteremka katikati ya chai kupita kituo cha kupimia majani. Gari linalofika huko ni Probox. Msomaji wa Mombasa aliyezoea matatu za abiria 14 ajue kwamba kule bara Probox ndiyo matatu, ndiyo lori, na wakati mwingine ndiyo ambulansi: watu wanabanana mbele, wanabanana nyuma, na kwenye buti kuna watoto, gunia na kuku.

Diploma yangu ni ya ufundi wa magari, kwa hiyo nilichukua utepe wa kupimia kutoka dukani kwa ndugu yangu nikaenda kupima. Kiti kikisimamishwa, mlango wa nyuma wa Probox haukitoshi kwa kimo. Kikilazwa kinaingia, ila viti vya abiria lazima vikunjwe, na dereva naye ana bosi anayesubiri hesabu ya jioni. Anadai nauli za wale ambao hakuwapakia. Basi siku ya kliniki kiti kinabaki barazani, na kogo anabebwa mgongoni na mjukuu wake hadi kwenye gari. Akifika hospitali anawekwa kwenye benchi. Akitaka kwenda msalani anasubiri mtu wa kumhurumia. Mjukuu akiwa na mtihani, kliniki haiendwi. Na mguu uliobaki nao una kidonda.

Ndipo nilipoanza kumsoma Roosevelt kwa jicho la fundi.

Mwaka 1924 alikwenda kwa mara ya kwanza Warm Springs, kijiji cha Georgia chenye chemchemi za maji moto, akitumaini miguu itapona ndani ya maji. Haikupona. Hata hivyo 1926 alipanunua mahali pote pale, akamwaga humo sehemu kubwa ya mali yake, na pakawa kituo cha watu waliopatwa na polio. Na huko Warm Springs alikuwa na gari la Ford lililofungwa vyuma ili klachi na breki zifanye kazi kwa mkono. Alinyanyuliwa akawekwa nyuma ya usukani, na kuanzia hapo alikuwa mtu huru. Alizunguka barabara za vumbi, anasimama kando ya shamba, anapiga hodi kwa honi, mkulima anakuja kuegemea mlango wa gari wanazungumza pamba na bei zake. Mtoto wa matajiri wa New York aliwajulia maskini wa kusini kupitia dirisha la gari. Nyumba za wakulima wale hazikuwa na umeme, na 1935, akiwa rais, aliunda mamlaka ya kuufikisha umeme vijijini. Mimi naamini asingelikuwa na gari lile asingeliyaona mambo kwa ukaribu ule.

Aliupenda usukani mpaka akapitiliza. Juni 1939 mfalme wa Uingereza George wa 6 na malkia wake walimtembelea Hyde Park, naye akawapakia kwenye Ford yake ya vyuma vya mkononi akawaendesha mwenyewe kwa kasi kwenye njia za msituni hadi kwenye mandari. Malkia aliogopa, na ana haki.

Urais aliushinda 1932, kisha 1936, 1940 na 1944. Mara nne, na hakuna mwingine. Simsifu kwa yote. Mwaka 1942 alitia saini amri iliyowapeleka kambini Wamarekani wenye asili ya Japani kwa maelfu, watu ambao hawakuwa wamemkosea mtu. Lakini tukirudi kwenye kiti: rais ana njia ambayo kogo hana. Ikulu iliwekewa njia za mteremko. Ndege iliyompeleka Yalta Februari 1945 ilijengewa lifti ya kumpandisha na kiti chake. Mwenye mamlaka, chombo hutengenezwa kimfuate yeye. Asiye na mamlaka, kiti chake ndicho kinachopaswa kukifuata chombo kilichopo.

Na jambo hilo lilikuwa limeshapata jibu, mbali na ikulu. Herbert Everest alikuwa mhandisi wa migodi huko Marekani, akavunjika uti wa mgongo katika ajali ya mgodini 1918. Kero yake ilikuwa hii hii ya Litein: kiti chake hakiingii kwenye gari. Rafiki yake Harry Jennings alikuwa mhandisi wa mitambo. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, mjini Los Angeles, wawili hawa walitengeneza kiti cha mabomba ya chuma chenye vyuma viwili vinavyopishana chini ya kalio kama mkasi, vimefungwa pini katikati. Ukivuta kitambaa cha kukalia kwenda juu, pande mbili zinakutana, kiti kinakuwa bapa. Kinateleza nyuma ya kiti cha dereva. Hataza yao ilitoka 1937. Kilikuwa na kilo 20 na ushei, si mzigo mwepesi, lakini mtu aliyekuwa amefungwa nyumbani sasa aliweza kupakiwa na dada yake akaenda kazini. Kampuni yao ilikua ikameza soko, hadi 1977 serikali ya Marekani ikaipeleka mahakamani kwa madai ya kuhodhi biashara. Hayo ni ya wafanyabiashara. Mkasi ule bado uko chini ya viti vingi vinavyokunjwa duniani, na ukienda hospitali yoyote hapa Kenya utauona ukiinama.

Kuna kisa kimoja cha Roosevelt ambacho Waislamu wengi wamekisikia nusu. Tarehe 14 Februari 1945, akirudi kutoka Yalta, alikutana na Mfalme Abdulaziz Ibn Saud kwenye meli ya kivita Quincy, katika Ziwa Chungu Kuu la mfereji wa Suez. Mfalme alikuja kutoka Jeddah kwa manowari nyingine ya Marekani, na hema likapigwa juu ya sitaha, na kondoo wa kuchinjwa wakapakiwa. Walizungumza Palestina. Roosevelt alimuahidi kwamba hatafanya jambo la uadui kwa Waarabu, akairudia ahadi hiyo kwa barua ya 5 Aprili, na wiki moja baadaye akafa. Yaliyofuata tunayajua, na yanataka makala yake.

Nusu ambayo haisimuliwi sana ni ya kiti. Mfalme alikuwa na majeraha ya vita ya zamani miguuni na kutembea kulimtaabisha. Alikitazama kiti cha Roosevelt akakitamani. Roosevelt alikuwa nacho cha akiba, akampa palepale. Alimpa na ndege aina ya DC-3, ambayo shirika la ndege la Saudia linahesabu kuwa ndiyo mwanzo wake. Kiti mfalme alikipenda kuliko zawadi nyingine, akakiweka kwenye nyumba yake. Ila hakukitumia. Yeye alikuwa jitu la mtu, mrefu na mnene, na kiti kilikuwa kimepimwa kwa kiuno cha Roosevelt. Hakikumtosha.

Hata mfalme na rais, kwa moyo safi kabisa, walipeana kiti kisichofaa kwa sababu hakuna aliyepima. Seuze hema la Litein.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo 2008 kuhusu viti hivi katika nchi zisizo na uwezo mkubwa, na neno lake kubwa ni kwamba mtu apimwe na mahali anapoishi paangaliwe, kwa kuwa hakuna kiti kimoja cha kumfaa kila mtu. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 54, inampa mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote na kutumia usafiri wa umma kwa kiasi kinachowezekana. Sasa usafiri wa umma wa Konoin na Bureti ni Probox, tupende tusipende. Kiti kisichoingia humo kimemnyima kogo kifungu cha 54 hata kama kilikuja na utepe mwekundu.

Najua mafundi watanijibu kwamba kiti cha kukunjwa cha hospitali hakifai kwa ile changarawe, na wana hoja. Vile vigurudumu vya mbele vyembamba vinazama kwenye tope la Litein kama kisigino cha kiatu cha harusi, na fremu yenye viungo vingi hulegea. Kiti kigumu kisichokunjika kinadumu zaidi. Lakini tatizo hili limeshashughulikiwa. Mmarekani Ralf Hotchkiss, aliyepooza kwa ajali ya pikipiki 1966, alianza 1980 huko Nicaragua kufanya kazi na walemavu wenyewe kubuni viti vya njia mbovu: gurudumu la mbele pana na la mpira, limesogezwa mbele kiti kisipinduke, na chini mkasi uleule ili kikunjike. Wanavitengeneza kwa mabomba na vyuma vinavyopatikana sokoni. Kampala wanawake wenye ulemavu waliwahi kufungua karakana yao wenyewe kwa njia hiyo. Hapa Kenya chama cha watu wenye ulemavu wa viungo, APDK, kilichoanzishwa 1958, kinatengeneza viti Nairobi na kina kituo huku kwetu Port Reitz. Na mafundi wa kuchomelea wa jua kali hawakosekani Kericho wala Kapkatet. Magurudumu makubwa yakiwa ya kuchomoka kwa mkono bila spana, na vya kuwekea miguu vikiwa vya kutolewa, kiti kinakaa ubavuni mwa gunia la mahindi na dereva hana la kudai.

Kwa hiyo ombi langu kwa waheshimiwa wa Kericho na Bomet, na hawa wetu wa Pwani ambao pia wanapenda hema, ni dogo. Kabla hamjalipia viti mia, chukueni kimoja mwende nacho stendi asubuhi ya siku ya soko, mumwombe dereva wa Probox afungue buti. Bwana yule atawaambia kwa dakika moja. Na kogo apimwe kiuno, si apigwe picha peke yake. Ndugu yangu amekwisha kumpata fundi wa kumkatia kile cha kwake na kukiwekea mkasi. Paipu zitatoka dukani.

Roosevelt alifariki Warm Springs tarehe 12 Aprili 1945, akiwa ameketi anachorwa picha, mshipa wa kichwani ukapasuka. Alikuwa na miaka 63. Mwezi uliotangulia alikuwa amelihutubia bunge akiwa ameketi, na kwa mara ya kwanza akaomba radhi hadharani kwa ajili ya uzito wa vyuma vya miguuni. Taasisi aliyoianzisha 1938, iliyochangiwa senti senti na watu wa kawaida, ndiyo iliyogharimia utafiti wa Jonas Salk, na matokeo ya chanjo ya polio yalitangazwa 12 Aprili 1955, miaka kumi kamili tangu kifo chake.

Mnamo 1997 Wamarekani walimfungulia ukumbusho mkubwa jijini Washington. Sanamu yake ilifunikwa joho refu, na dalili pekee ya ulemavu ilikuwa vigurudumu vidogo nyuma, ambavyo ni lazima uzunguke ndipo uvione. Watu wenye ulemavu walilalamika, wakachanga fedha, na Januari 2001 ikaongezwa sanamu ya pili kwenye lango la kuingilia. Iko chini, usawa wa ardhi, na Roosevelt amekaa kwenye kiti chake cha jikoni, kisicho na mikono.